Mama Aliahidi Kuacha Drum Nikitembea

Kwako wewe uliyelala hapo na miguu haisikii: mimi pia nililala kitanda kama hicho, na leo nimefika kliniki kwa miguu yangu kutoka stage ya matatu. Kiptoo, yule daktari wa mazoezi mwenye kucheka sana, ndiye ameniomba niandike ili awasomee wagonjwa wapya. Kuongea mbele ya watu siwezi, nashikwa na jasho mpaka mgongoni. Kuandika naweza. Kwa hivyo tulia, nikusimulie.

Naitwa Quinter. Niko Form Three. Naishi na mama yangu Soweto West, Kibera, sisi wawili tu. Mama anauza mapazia ya mitumba pale Soko la Toi, na Jumapili anafika kanisani kabla ya pastor. Ukimwona na kitambaa chake kichwani na ile sauti yake ya chini, kuna kitu huwezi kudhani hata kidogo. Mama yangu ni drummer wa black metal.

Kama hujui black metal, ni rock ya giza. Gitaa zinalia kama nyuki wamechokozwa, drum inakimbia kama mvua ya mawe kwa mabati, na mwimbaji haimbi, anakwaruza koo mpaka unataka kumpelekea maji. Bendi yao inaitwa Jivu Baridi. Walianza kabla sijazaliwa. Gitaa ni Anko Njoro, ambaye familia yao ina ploti ya kupangisha Kawangware 46, na sasa yeye ndiye landlord. Mwimbaji ni Anko Fanuel, fundi wa viatu, mtu mpole ajabu, hawezi hata kufukuza kuku. Walirekodi CD moja, wakapiga show kwa mabaa, wakijipaka uso unga na masizi. Halafu maisha yakawashika. Watoto, kodi, mazishi. Wakanyamaza miaka mingi.

Wakati nilipougua walikuwa wameamua kurudi na album mpya, Bado Tuko Gizani. Stima zikipotea kwa ploti yetu, majirani walikuwa wanagonga mlango kuuliza kama hiyo ndiyo launch ya album. Kila Jumamosi mama alifunga kibanda mapema, akaenda Kawangware kufanya mazoezi, akarudi mikono ikitetemeka na uso kama wa msichana. Alikuwa anapika akigonga sufuria. Sikuwa nimewahi kumwona na furaha ya aina hiyo, na nakwambia mapema ndiyo uelewe ni kitu gani alikuja kutoa.

Ugonjwa ulianza na tumbo. Niliharisha siku kadhaa, ikaisha, nikasahau. Baadaye, asubuhi moja nikivaa soksi, nyayo zangu zikawa na ganzi, zinachomachoma kama mguu uliokaliwa. Nikadhani ni viatu. Kesho yake ganzi ikafika kwa vifundo. Shuleni nilishindwa kupanda ngazi, nikasema nimechoka, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema nimechoka kuliko kusema naogopa. Halafu siku moja nikitoka choo cha ploti na ndoo mkononi, magoti yalijikunja yenyewe. Nilianguka kwa maji machafu. Niliambia miguu isimame na miguu haikunijibu.

Aliyeniokota ni Mama Deno, jirani yetu na kiongozi wa akina mama kanisani. Ana mikono ya mtu wa kukanda chapati.

"Huyu mtoto amekanyaga kitu," akasema. "Kuna mtu amemwekea."

"Hakuna mtu amemwekea kitu," mama akasema. "Nitafutieni mkokoteni tufike barabarani."

Nilitolewa Soweto West kwa mkokoteni, nimelalia pazia la maua ambalo mama alikuwa amekataa kuliuza. Watoto wanatufuata wakiimba. Nilifunga macho nijifanye sipo.

Hospitali daktari alinigonga goti na nyundo ndogo ya mpira. Goti la mtu asiye mgonjwa linaruka. Langu halikufanya chochote. Akaniambia nijikunje kama paka, akatoa maji kwa uti wa mgongo. Hiyo inauma, sitakudanganya, lakini inauma muda mfupi, na ukikaa bila kusonga inaisha haraka. Alipopata majibu akaketi kitandani kwangu, akaeleza.

"Mwili wako ulipigana na ule ugonjwa wa tumbo ukashinda. Sasa umekosea adui. Unashambulia neva zako. Waya ya stima ukiitoa ganda la nje, si stima inapotea njiani? Ndivyo neva zako ziko."

"Ganda linarudi?" mama akauliza.

"Wengi wanarudi. Ila linarudi polepole, na miguu huwa ya mwisho. Siwezi kukwambia ni lini."

Kabla ya kurudi, mambo yaliharibika zaidi. Ganzi ilipanda mapaja, ikapanda tumbo. Nikashindwa kukojoa, nikawekwa mpira wa mkojo. Nikavaa pampasi, mimi wa Form Three mwenye kuona haya hata kuanika chupi kwa kamba. Uso ukalegea upande mmoja, uji ukawa unamwagika. Mgongo ulikuwa unauma kama mtu ananikamua. Kila mara nesi alinifanya nivute pumzi moja na nihesabu kwa sauti hadi iishe. Mwanzo nilikuwa nafika mbali. Halafu nikawa naishia njiani. Siku niliyoishia karibu kabisa walisukuma kitanda changu mbio hadi chumba cha mashine za kupumua, wakaiweka mashine moja kando yangu, tayari. Mlango ukafungwa, mama akabaki nje.

Mashine haikuwashwa. Dawa ya mshipa ilishika, na pumzi zangu zikaanza kuongezeka tena. Nilirudishwa wodi nikiwa na uso ulionyooka kidogo. Ndipo Mama Deno, akinilisha ndizi za kupondwa, akaniambia kwa furaha nyingi:

"Quinter, mama yako amekutolea sadaka kubwa. Tulikuwa hapo nje kwa benchi, amelia, akasema, 'Mungu, mpe mtoto wangu miguu, na mimi sitagusa drum tena maisha yangu yote.' Sisi wote tukasema amina. Na Jumapili tumetangaza."

Nilikuwa na ndizi mdomoni, na mimi hata bila ndizi huwa sisemi kitu.

Anko Njoro na Anko Fanuel walikuja kuniona. Njoro ana dredi hadi kiunoni, ndevu, na koti jeusi refu hata kukiwa na jua. Nyanya mmoja wa kitanda cha pili alipomwona alivuta blanketi hadi puani.

"Wewe ni wa mochari? Mimi bado!"

"Hapana mathe, mimi ni wa gitaa."

"Basi unatembea hivyo hospitali kwa nini? Unataka tufe na mshtuko?"

Nyanya huyo alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo Njoro akawa anamletea maembe. Lakini niliona vile walivyomtazama mama na kuangalia chini. Walijua kuhusu nadhiri. Hawakumlaumu hata kwa neno moja.

Kiptoo aliingia maisha yangu hapo. Alikuwa anaweka kiganja chini ya unyayo wangu. "Sukuma kama accelerator, dadangu." Hakuna. Kesho yake, "Accelerator, tumechelewa Nakuru." Hakuna. Alikuwa anacheka vilevile kila siku, na kuna siku nilimchukia kwa hicho kicheko. Halafu asubuhi moja kidole gumba cha kulia kikatikisika. Kidogo sana. Mama akakiona kwanza, akapiga ukelele wa Kijaluo uliofanya nesi aje mbio na sindano.

"Haya," Kiptoo akasema, "sasa tumtafutie huyu bwana kidole kazi. Nyumbani hamna cherehani ya kukanyaga? Nataka kitu cha kusukuma na kuinua mguu, kusukuma na kuinua."

"Cherehani hatuna," Anko Fanuel akasema. Halafu akamtazama mama. "Lakini kuna pedali ya drum."

Pedali ya drum ni chuma bapa. Ukikikanyaga, nyundo ndogo inaruka na kupiga ile drum kubwa ya chini. Njoro aliileta siku hiyohiyo. Kiptoo alijaribu na mguu wake mwenyewe, akacheka kama mtoto, akasema ndiyo hii. Wakaweka katoni iliyojaa nguo mbele yake, wakafunga mguu wangu juu ya chuma kwa bandeji. Wote wakamgeukia mama awaonyeshe.

Mama akaficha mikono yote miwili kwa makwapa.

"Mimi siigusi," akasema. "Niliahidi."

"Mama Quinter, hii si drum, ni mazoezi," Kiptoo akasema.

"Mimi najua ni nini."

Basi akanifundisha kwa mdomo tu, mikono ikiwa kwa makwapa. Kila siku baada ya sokoni, ameketi kitandani kwa miguu yangu. "Nyathina, mtoto wangu, kisigino kipumzike. Usipige na hasira. Uache mguu uanguke wenyewe. Sasa urudishe. Hapana, urudishe. Kuangusha kila mtu anaweza, kazi iko kwa kurudisha." Kiptoo akasema huo mwinuko ndio yeye alikuwa anautafuta, kwamba mguu kama wangu hukataa kuinuka kuliko kitu kingine. Mama alikuwa analijua hilo tangu kabla sijazaliwa.

Nyundo ilikuwa inagusa katoni, *pu*. Mapumziko marefu. *Pu*. Nyanya wa kitanda cha pili alilalamika siku ya kwanza. Siku zilizofuata akawa ananikosoa: "Leo uko polepole, hujakula?" Mguu wa kulia uliamka kwanza. Wa kushoto ulikuja ukijivuta, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Wakati mwingine nilijilazimisha mpaka paja likatetemeka, na kesho yake nikawa dhaifu kuliko jana. Kiptoo alinigombeza kwa mara ya kwanza bila kucheka. Alisema neva si misuli ya mtu wa gym, ukizichosha zinakurudisha nyuma.

Nilienda nyumbani na fimbo mbili za kwapani, baadaye moja ya mkononi. Kichochoro chetu kina mtaro katikati na huwezi kutembea ukiangalia mbele, kwa hivyo mazoezi yangu yalikuwa ndani, kitanda hadi mlango. Alasiri moja nikaacha fimbo kitandani. Nikafika mlangoni. Nikashika fremu, nikapita, nikavuka mtaro, nikafika hadi kwa Mama Deno ambaye alikuwa anachuja mafuta. Alitupa kijiko juu.

"Anatembea! Jameni, njooni muone, Quinter anatembea!"

Ploti yote ilitoka. Vigelegele, sufuria zinagongwa, mtu akaniwekea taulo kichwani kama taji. Mama alinishika mabega, akalia, akacheka, akasema "Nyasaye, Nyasaye," jina la Mungu, hadi sauti ikaisha. Hiyo furaha naikumbuka kama jana.

Halafu akaingia ndani. Akatoa vile vijiti vyake vya drum juu ya kabati, akavifunga kwa kipande cha pazia, akampa Anko Fanuel aliyekuwa amekuja na viatu vyangu vipya vya kushika vifundo.

"Mpelekee Njoro," akasema. "Mungu ametimiza yake."

Wewe unayenisikiliza, elewa vile nilivyojisikia. Nilikuwa naomba miguu usiku na mchana. Sasa niko nayo, na kila hatua ninayopiga ni kama namchukulia mama kitu mfukoni.

Walijaribu kuendelea bila yeye. Njoro akatengeneza drum kwa kompyuta, Fanuel akatuletea kwa simu tusikie. Ilikuwa haraka, imenyooka, haikukosea popote. Ilikuwa kama cherehani ya umeme. Mama akasikiliza hadi mwisho. "Ni nzuri," akasema. Halafu akakunja pazia ambalo tayari lilikuwa limekunjwa, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sista, si nzuri," Fanuel akasema. "Njoro anasema afadhali tuache album yote."

"Msiache kwa sababu yangu."

"Sasa tuache kwa sababu ya nani?"

Jumapili ya shukrani ikafika. Kanisa letu, aliyepona lazima asimame atoe ushuhuda. Nilikuwa nimepanga kusema nimepona, asanteni, niketi. Njoro na Fanuel walikuja, wakaketi nyuma karibu na mlango, Njoro amefunga dredi ndani ya kofia ndiyo asitishe watu. Pastor akaniita. Nikaenda mbele na fimbo. Magoti yalikuwa yanatetemeka, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilijua ni woga tu, si ugonjwa.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mungu ameniponya. Na madaktari, na Kiptoo. Na..." Nikasahau yote niliyopanga. Nikamwona mama ameketi mstari wa pili, mikono kwa makwapa, hata hapo. Basi nikasema tu. "Mguu wangu ulirudi nikikanyaga pedali ya drum ya mama. Mama ndiye alinifundisha, na hakuigusa hata siku moja, kwa sababu aliahidi. Sasa, kama Mungu aliichukua hiyo drum akaitumia kunirudishia mguu, mbona sisi tunaichukua kwa mama? Mimi sitaki miguu ya kubadilishana. Nataka yangu, na mama awe na yake."

Nilisikia mtoto mmoja akitafuna biskuti. Mama alikuwa amefunika uso na kitambaa. Mama Deno akasimama, nikajua nimekwisha.

"Pastor, ngoja niseme. Ile siku kwa benchi, Mama Quinter alikuwa analia tu, hana maneno. Mimi ndiye nilimwambia, toa kitu unachopenda kabisa." Akajipangusa shingo. "Nilidhani atasema soda."

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Pastor alijaribu kukaza uso akashindwa. Halafu akaangalia nyuma.

"Fanuel, simama. Hizo kelele zenu mnamwimbia shetani?"

"Hapana, pastor. Moja ni ya ule moto uliochoma nyumba zetu. Moja ni ya mama yangu, nilimzika nikiwa sina viatu. Ingine ni ya tingatinga kubomoa mtaa."

"Sasa mbona mnapiga nduru hivyo? Si mseme polepole kama watu?"

"Tulisema polepole miaka mingi, pastor."

Pastor akavua miwani, akaipangusa na tai. Alipoongea tena alikuwa anamwangalia mama.

"Mama Quinter, uliahidi kwa sababu uliogopa. Mungu si shylock wa mikopo. Hashiki vitu vya watu akae navyo."

"Lakini nilisema kwa mdomo wangu, pastor," mama akasema. "Na watu wakasikia."

"Na watu hao wako hapa. Kanisa, tunamwachilia?"

"Amina!" Ya Mama Deno ilishinda zote.

"Basi enda hapo uketi tusikie huyo shetani mwenyewe," pastor akasema, akionyesha drum za kanisa. Kijana wa kwaya akaruka kutoka kwa kiti. Mama alitoa mikono kwa makwapa akaiangalia kama si yake. Akaniangalia mimi. Nikamfanyia ishara kwa kidevu: enda.

Kwaya ilianza pambio la polepole. Mama akafuata vizuri, kwa heshima, labda ubeti mmoja. Halafu miguu yake ikamshinda. Ile drum ya chini ikaanza kukimbia, mabati yakatetemeka, kwaya ikajaribu kumfuata ikakata tamaa ikaanza kuruka tu. Wazee waliruka. Njoro alivua kofia, dredi zikamwagika, akawa anatikisa kichwa hadi mama mmoja akamwombea. Na mimi nilikuwa katikati ya hao watu wote, mimi nisiyependa kuonekana, nimeangusha fimbo sijui wapi.

Album imerekodiwa Kawangware 46, kwa stoo ya chini ya ploti ya Njoro, kuta zimefunikwa magodoro. Wapangaji wa juu walikuwa wanapiga kelele, "Njoro, zima hiyo kitu ama nihame!" na landlord anajibu, "Hama, lakini ngoja tumalize huu wimbo!" Mama alirekodi zake zote akiwa amevaa ile nguo ya sokoni, jasho likimtiririka, anacheka katikati ya nyimbo za huzuni kabisa.

Sasa ushauri wangu, halafu nikuache upumzike. Mguu ukiwa na ganzi na ganzi inapanda, usingoje ifike goti, enda hospitali. Usione haya kwa mpira wala pampasi, manesi wameona mengi kuliko yako. Fanya mazoezi, lakini ukianza kutetemeka, acha. Tafuta kitu unachopenda ukifanye kiwe mazoezi yako, hata kama watu watashangaa. Na usikubali mtu wako wa karibu akae kwenye benchi hapo nje akijinyima maisha yake ili wewe upate yako. Mwambie aendelee. Utamhitaji akiwa na furaha.

Namshukuru Mungu, namshukuru Kiptoo na kile kicheko, manesi, nyanya wa kitanda cha pili ambaye yuko nyumbani na anaendelea kula maembe, Mama Deno, anko wangu wawili. Ero kamano, asante, mama.

Wimbo wa mwisho wa album ni wa polepole, na ile drum ya chini hapo ni mimi. Mama alinikalisha kwa kiti chake, akasimama nyuma yangu. Tulipomaliza Njoro akasikiliza, akasema mguu wa kushoto unachelewa kidogo kila mara, anaweza kuunyoosha kwa kompyuta dakika moja tu.

"Usiguse," mama akasema. "Hivyo ndivyo anatembea."